Bunduki za Zamani za Shabaha za Waingereza: Maswali Yanayorudiwa Kila Siku

Maswali haya yanakuja kutoka kwa watu wa aina zote: ndugu walioko Uingereza walioingia klabu ya kulenga shabaha wakanogewa, wengine wameachiwa bunduki ya urithi hawajui ni nini, na wengine ni wapenda historia tu hawana hata nia ya kumiliki. Majibu yameanzia mambo mepesi. Kama swali lako ni gumu kidogo ruka mpaka chini.

## Mambo ya kuanzia

Bunduki ya shabaha ni ipi hasa? Si bunduki ni bunduki tu?

Hapana mkuu. Ya shabaha imetengenezwa au kurekebishwa kwa kazi moja tu, kutoboa karatasi sehemu ileile tena na tena. Kwa hiyo mtutu ni mzito kuliko kawaida, triga ni laini, na kilengeo cha nyuma si ile V ya bunduki ya jeshi bali ni katundu kadogo unachungulia, kanapanda na kushuka kwa kliki. Nyingi zinabeba risasi moja tu kwa wakati mmoja kwa sababu hakuna haraka yoyote.

Ila mipaka yake si mikali. Waingereza kwa miaka mingi walishindana kwa bunduki za jeshi zilezile, .303 (namba kama hizi ni kipenyo cha tundu la mtutu kwa inchi), na baadhi ya bunduki nzuri kabisa za kukusanya ni za jeshi ambazo fundi amezinyoosha kwa ajili ya mashindano. Hizo tutazigusa tukifika kwa Fulton.

Kwa nini Waingereza? Mbona Wajerumani na Waswisi nao walikuwa na zao?

Walikuwa nazo, tena kali. Lakini Uingereza mchezo huu ulipangwa mapema na ukaacha makaratasi mengi, na kwa mtu anayependa kuchimba historia hapo ndipo utamu ulipo. National Rifle Association (NRA) yao, chama cha walenga shabaha, ilianzishwa 1859, na mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza kule Wimbledon kwa kupiga risasi ya kwanza yeye mwenyewe. Bunduki ilikuwa Whitworth imefungwa kwenye kiegemeo cha chuma, imeshalengwa tayari, yadi 400, yeye akavuta kamba ya hariri tu. Wengine wanasema hiyo si kulenga. Sawa, lakini risasi ilitua katikati na picha ya tukio ikauza mchezo nchi nzima. Mwaka 1890 mashindano yakahamia Bisley, kaunti ya Surrey, na mpaka leo yapo hapohapo.

Halafu ikaja vita ya Makaburu, 1899 mpaka 1902, ambapo wakulima wa Kiburu waliwatia aibu askari wa Kiingereza kwa kulenga mbali. Jemadari wao Lord Roberts na wenzake wakaona raia wafundishwe kulenga, na 1901 kikaanzishwa chama cha klabu za wafanyakazi, Society of Working Men's Rifle Clubs, ambacho baadaye kilibadilishwa jina na tangu 1947 kinaitwa National Smallbore Rifle Association. Hizi klabu zilitumia .22 kwa sababu risasi zake ni rahisi na uwanja hauhitaji eneo kubwa, hata ukumbi wa kanisa unatosha kwa yadi 25. Ndiyo maana .22 za shabaha za Uingereza ni nyingi mpaka leo.

Nianze na ipi kama sina hela nyingi?

BSA Martini ya .22, bila kufikiria mara mbili. Zilitengenezwa nyingi sana, spea zinapatikana, na bado zinalenga vizuri kuliko wengi wetu tunavyoweza kuzishika. Bei yake mara nyingi haifiki hata nusu ya bunduki mpya ya mashindano ya Kijerumani.

BSA ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanza 1861, kiwanda chake kilikuwa Small Heath. Watu wengi kwetu wanalijua jina kwa sababu ya pikipiki na baiskeli, ndiyo haohao, na ile nembo ya bunduki tatu zimeegemezana ni ya kwao.

Model 12, 15, 12/15, International... nachanganyikiwa, tofauti ni nini?

Kwa kifupi, Model 12 ilitoka kabla tu ya vita ya kwanza ya dunia na ndiyo baba wa zote. Model 15 ilikuja miaka ya 1930, ina mtutu mzito na kitako kilichofikiriwa zaidi kwa mtu anayelala kifudifudi. 12/15 ni kama jina linavyosema, walichanganya mazuri ya zote mbili. Baada ya vita ya pili wakatoa International, Mk I mwaka 1950, Mk II 1953, Mk III 1959, na ile Mk I ni dude zito kwelikweli, kilo 6 na ushee, mtoto wa shule hawezi kuishika akasimama.

Zote hizi mashine yake ni ya Martini: unasukuma mkono wa chini, kipande cha chuma kinaanguka mbele, unaweka risasi, unarudisha. Kuna jambo moja kwenye hizi BSA ndogo ambalo likikupita utaumia bure. Mashine nzima inatoka kwa pini moja tu, ile iliyoko nyuma chini ya bodi (mwili wa chuma unaoshika mashine). Hakikisha haina risasi, shusha mkono kidogo, sukuma pini kwa kijiti cha shaba au mbao ngumu, na triga, kipande cha kuzibia, springi, kila kitu kinashuka mkononi kwako kwa pamoja. Sasa unaweza kusafisha mtutu kutoka nyuma na kuchungulia ndani vizuri. Ukiona pini ina makovu ya nyundo na pembeni pamekwanguliwa, ujue aliyekuwa nayo alitumia msumari, na kama alifanya hivyo hapo uliza na kwingine alifanya nini.

Mbali na BSA kuna nani?

Vickers walitengeneza Martini za .22 kati ya vita mbili, watu wanazipenda na ni adimu kuliko BSA. W.W. Greener na Westley Richards nao wapo. Ukirudi nyuma zaidi, enzi za kupakia baruti mdomoni (hizi kwetu tungeziita gobore, ingawa gobore la Whitworth lina tundu la pembe sita la inchi .451 na lilikuwa linapiga yadi 1,000), majina ni Whitworth, Rigby, Gibbs wa Bristol, Alexander Henry wa Edinburgh. Hizo bei zake ni za watu wengine.

Ukija karibu na enzi zetu kuna L39A1 iliyotoka kiwanda cha Enfield wakati mashindano yalipohama kutoka .303 kwenda milimita 7.62 mwishoni mwa miaka ya 1960, na ndugu yake wa kiraia anayeitwa Envoy. Mwili wake ni wa Lee-Enfield No. 4 ya jeshi, ileile ambayo Kenya wengi waliijua kwa jina la Mark 4 mikononi mwa polisi wa akiba.

## Kununua na kukagua

Nikagueje bunduki kabla ya kutoa hela?

Anza na mtutu. Toa mashine (angalia jibu la Model 12 hapo juu), weka karatasi nyeupe nyuma, mulika tochi pembeni, chungulia kutoka mdomoni. Unatafuta mifereji mikali isiyo na vishimo vyeusi. Nusu inchi ya mwisho mdomoni ndiyo muhimu kuliko zote, pakiwa pamelika kwa fimbo ya kusafishia hiyo bunduki haitalenga hata uiombe.

.22 za kabla ya miaka ya 1930 zina tatizo lao. Risasi za wakati ule fataki yake iliacha chumvi ndani, mtu akichelewa kusafisha kesho yake kutu imeshaanza. Kwa hiyo mitutu mingi ya zamani ina vishimo, na ndiyo sababu ya swali linalofuata.

Baada ya mtutu angalia vilengeo. Hapa ndipo watu wanapigwa. Bunduki inauzwa "safi kabisa" kumbe kilengeo cha nyuma hakipo, na kilengeo cha Parker-Hale au cha BSA cha wakati wake unaweza kukitafuta muda mrefu na kikakugharimu karibu sawa na bunduki yenyewe. Bunduki chakavu yenye vilengeo vyake kamili mimi naichukua kabla ya ile inayong'aa isiyo navyo.

Mwisho kitako: nyufa nyuma ya bodi ya chuma, na kama kimekatwa kufupishwa. Zilizotumika na makadeti wa shule mara nyingi zimefupishwa.

Mtutu umeandikwa "Parker-Rifled". Ni mbaya?

Wala. Kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham ilikuwa inachukua mtutu ulioharibika ndani, inautoboa, inaweka bomba jipya lenye mifereji mipya. Ilikuwa huduma ya kawaida kabisa, na mingi inalenga vizuri hadi leo. Kwa mlengaji ni faida. Kwa mkusanyaji anayetaka kila kitu cha kiwandani inashusha bei kidogo, lakini kwa mtazamo wangu ni sehemu ya maisha ya bunduki, inaonyesha kuna mtu aliithamini mpaka akalipia. Kibaya ni kuuziwa kwa bei ya mtutu orijino wakati maandishi yamefutwa kwa msasa.

Je niipake rangi upya, nisugue kitako kiwe kama kipya?

Tafadhali usifanye hivyo. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Ukishapiga msasa umefuta mihuri, umefuta namba za klabu, umelainisha kona ambazo fundi alizichonga zikae kali, na hakuna wa kuzirudisha. Kitako kikiwa kikavu paka mafuta ya kitani kidogo sana kwa kidole, subiri, futa. Kutu ya juu juu itoe kwa mafuta na sufi ya chuma laini kabisa, taratibu, na ukifika kwenye rangi ya asili simama.

## Kusoma alama

Hizi alama ndogondogo chini ya mtutu zinamaanisha nini?

Ni mihuri ya majaribio. Uingereza bunduki haiuzwi mpaka mtutu wake ujaribiwe kwa mzigo mkubwa kuliko wa kawaida kwenye nyumba ya majaribio, na ziko mbili, ya London chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati 1637, na ya Birmingham iliyoanzishwa kwa sheria ya 1813. Taji juu ya BP au BV ni Birmingham ya zamani, taji na BNP ni Birmingham kuanzia 1954, taji na GP zilizofungamana ni London. Kanuni zilibadilika mara kadhaa, 1904, 1925, 1954, kwa hiyo muhuri unakupa kipindi hata kama namba ya bunduki haisemi kitu.

Ila jihadhari. Muhuri unaonyesha lini mtutu ulijaribiwa, na si lazima ndiyo siku bunduki ilipotengenezwa. Iliyobadilishwa mtutu 1956 itakuwa na BNP hata kama bodi ni ya 1912.

.303 yangu imeandikwa "2.222" na "18.5 TONS". Ni uzito?

Swali hili huulizwa kila wiki, na hapana, hakuna bunduki ya tani 18. 2.222 ni urefu wa ganda la risasi kwa inchi, na 18.5 ni presha iliyoruhusiwa, tani kwa inchi moja ya mraba. Inapigwa na nyumba ya majaribio pale bunduki ya jeshi inapouzwa kwa raia. Ukiona na vishale viwili vimegongana ncha kwa ncha, hiyo ni serikali inasema sisi tumeshaiuza si yetu tena.

"NOT ENGLISH MADE" kwenye bunduki ya Kiingereza, ni feki?

Si feki. Muhuri huo ulitumika 1925 hadi 1955 kwa bunduki zilizotengenezwa nje zikajaribiwa Uingereza. Utaukuta kwenye Pattern 14, ambayo muundo ni wa Kiingereza lakini zote zilitengenezwa Marekani na Winchester, Remington na kiwanda cha Eddystone. Bunduki nzuri sana hiyo kwa shabaha, kilengeo chake cha tundu kiko nyuma karibu na jicho.

Na "Regulated by Fulton"?

Ah, ukiipata hiyo kaa nayo. Fulton walikuwa na duka ndani ya kambi ya Bisley kwenyewe, na kazi yao ilikuwa kuchukua Lee-Enfield ya kawaida na kuinyoosha: kupanga jinsi mtutu unavyokaa kwenye mbao, kulainisha triga, kuijaribu, ndipo wanapiga muhuri wao. Hawakuwa wafanyabiashara tu. George Fulton alishinda Queen's Prize (tuzo kuu ya mashindano ya NRA, huitwa King's Prize akitawala mfalme) 1888, mwanae Arthur akashinda King's Prize mara tatu, 1912, 1926 na 1931, na mjukuu Robin akashinda 1958. Sasa ukitoa mbao za bunduki hiyo na kuzirudisha hovyo umefuta kazi uliyoilipia. Yaani usiifungue kwa udadisi.

## Kuchimba historia

Nina namba ya bunduki. Nitajuaje ilitengenezwa lini na iliuzwa kwa nani?

Inategemea fundi. Nyumba kubwa za London na Birmingham kama Rigby, Holland & Holland na Westley Richards zimetunza vitabu vyao vya mauzo, unaandika, unalipa ada, unapewa kilichoandikwa. Wakati mwingine ni mstari mmoja tu, jina na tarehe, lakini huo mstari una thamani.

BSA ni habari nyingine. Ilikuwa ya viwandani, maelfu kwa maelfu, halafu usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zikapiga Small Heath, wafanyakazi 53 wakafa. Usitegemee mtu akupe tarehe na mnunuzi wa Martini yako kutoka kwenye kitabu. Kwa BSA tunafanya kazi kinyume: mihuri, aina ya maandishi ubavuni, matangazo na katalogi za zamani, na kulinganisha namba yako na nyingine ambazo tarehe zake zimethibitika. Makaratasi ya kampuni yaliyobaki mengi yako Chuo Kikuu cha Warwick, kwenye kituo kinachoitwa Modern Records Centre.

Zaidi ya vitabu vya kiwanda niangalie wapi?

Bunduki yenyewe kwanza. Namba iliyogongwa kwenye kitako, kibati cha shaba, herufi za klabu. Piga picha huku tochi imelala karibu kabisa na mbao, mwanga upite kama unakwangua, na herufi zilizofifia zitatokea kwenye kivuli.

Ukishapata jina la klabu au mtu, nenda kwenye magazeti ya wakati ule. Klabu zilikuwa zinatangaza matokeo kila wiki kwenye gazeti la mji, jina kwa jina, pointi kwa pointi, na hapo ndipo unakuta fundi cherehani au karani wa reli aliyepiga 98 kwa 100 mwaka 1911. Halafu kuna makumbusho ya NRA pale Bisley, Royal Armouries kule Leeds, na vyama kama Historical Breechloading Smallarms Association ambavyo vina wazee wenye majibu yasiyoandikwa popote.

Muuzaji anasema ilishinda Bisley mwaka fulani. Nimwamini?

Mwamini akiwa na karatasi. Matokeo ya mashindano makubwa yameandikwa, washindi wanajulikana, mfano Marjorie Foster, mwanamke wa kwanza kushinda King's Prize, 1930. Lakini matokeo yanamtaja mtu, si namba ya bunduki. Unahitaji kitu cha kuunganisha viwili hivyo: risiti, barua, picha inayoonyesha alama ya pekee kwenye kitako. Hadithi bila kiunganishi lipia bei ya bunduki, ya hadithi mwachie.

Hadithi za kweli nazo zipo na zinashinda za kutungwa. Mwaka 1874 timu ya Ireland ilienda Creedmoor, New York, na Rigby zao za kupakia mdomoni kushindana na Wamarekani wenye Remington na Sharps za kupakia nyuma. Wamarekani wakashinda 934 kwa 931. Mwireland mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha, safi, ila shabaha yenyewe haikuwa ya kwake. Akapewa sifuri, na hesabu ya pointi tatu unaweza kuifanya mwenyewe.

## Sheria na kesi ngumu

Nipo Uingereza. Nahitaji kibali kwa bunduki ya zamani?

Kwa .22 yoyote inayofanya kazi, hata kama ni ya 1912, ndiyo. Unahitaji cheti cha silaha kutoka polisi chini ya sheria ya 1968, pamoja na sababu nzuri na kabati la kufungia. Umri wa bunduki hausaidii kama risasi zake bado zinauzwa dukani.

Zinazoponyoka ni za kale zilizowekwa kama pambo, kwa mfano za kupakia mdomoni, au Martini-Henry ya .577/450 kwa kuwa risasi hiyo iko kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Orodha hiyo iliwekwa kwenye kanuni 2021, na zipo zilizoondolewa, kwa hiyo isome yenyewe, usitegemee alichoambiwa mtu miaka kumi iliyopita. Na siku ukitaka kuipiga si pambo tena, unahitaji cheti.

Njia nyepesi ya kuanza ni kujiunga na klabu iliyoidhinishwa na Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani. Unakuwa mwanachama wa majaribio kwa muda usiopungua miezi mitatu, ukishakubaliwa unaweza kupiga kwa bunduki za klabu bila cheti chako mwenyewe. Na nyingi za bunduki hizo za klabu, bahati nzuri, ni hizihizi BSA.

Mzee amefariki, tumekuta bunduki kabatini. Tufanye nini?

Msiibebe barabarani na msiiweke mtandaoni kuuza. Pigeni simu polisi kwa namba ya kawaida, au muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, mweleze, watawaongoza jinsi ya kuitunza kihalali mpaka mamlaka ya mirathi ikamilike. Muuzaji anaweza kuishika kwa niaba yenu. Jambo moja: msikubali iharibiwe kabla mtu anayejua hajaiona. Na makaratasi yake, madaftari ya pointi, medali, beji za klabu, visanduku vya vilengeo, visitupwe wala visigawanywe. Vikitengana na bunduki hakuna atakayejua tena ni vya nini.

Naweza kuileta Tanzania au Kenya?

Bila kibali cha kuingiza kabla haijaondoka huko, usijaribu hata kidogo. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sura ya 114 na Bodi ya Leseni za Silaha, na "ni ya zamani, ya kukusanya tu" si hoja ya kumwambia afisa wa forodha. Na kutoka Uingereza nako kunahitaji leseni ya kuisafirisha. Uliza pande zote mbili, kwa maandishi.

Na Marekani?

Sheria ya shirikisho inaiita ya kale iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma, kwa hiyo Rigby au Gibbs ya kupakia mdomoni iko upande mzuri, na BSA ya .22 haipo. Majimbo yana sheria zake juu ya hiyo. Ukinunua iliyoko tayari kulekule utaona neno ENGLAND limegongwa mahali, ni alama ya kusafirishwa nje, wala si kosa.

Kilengeo cha mbele cha kwangu kiko sawa lakini cha nyuma kimefungwa kisiginoni mwa kitako. Kuna mtu aliharibu?

Hapana, umepata kitu kizuri. Kwenye mashindano ya yadi 1,000 na zaidi wengi walikuwa wanapiga wakiwa wamelala chali, miguu kuelekea shabaha, bunduki imelalia mguu na kitako kiko karibu na shavu. Kwa mkao huo kilengeo cha nyuma kinakaa mwisho kabisa wa kitako ili umbali kati ya vilengeo viwili uwe mrefu iwezekanavyo. Angalia kama kuna kikalio kingine cha kilengeo shingoni nyuma ya nyundo pia, nyingi zilikuwa na vyote viwili, na kama tundu la skrubu pale shingoni lina uzi wa zamani usiolika, usikubali mtu akutobolee jipya.